Nesi wa Upande wa Pili

Adui alimtibu askari wangu.

Someni tena hiyo sentensi wakuu, sijakosea kuandika. Askari wangu nilimwacha hoi, kabakiza uhai kidogo sana, yuko peke yake katikati ya watu wanaotaka kummaliza. Narudi kesho yake namkuta mzima, kasimama palepale, mstari wake wa kijani umejaa.

Na aliyemtibu ni mganga wa jeshi la adui.

Ndiyo, nazungumzia gemu. Najua wengine mshaanza kusogeza chini. Ila hili jambo lilinitokea kweli, nikiwa kijana pale Singida mjini, na gemu ilikuwa ni kipande kidogo tu cha kilichonitokea.

Naitwa Gasto. Mwaka huo wa 2000 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa, na tulikuwa tunakaa Utemini.

Nikisema tulikuwa, maana yake ni mimi na baba. Basi.

Mama yangu, Martina, alifariki mwaka mmoja kabla ya hapo. Tulimzika Kinampanda, kijijini kwa kina baba, tukarudi mjini wawili kwenye nyumba iliyokuwa ya watatu.

Mama ndiye alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea na kuku, anaongea na jiko likigoma kuwaka, anaongea na majirani juu ya ukuta. Mimi na baba tulikuwa wasikilizaji. Sasa msemaji kaondoka, mmebaki wasikilizaji wawili mnatazamana.

Baba yangu, mzee Philipo, alikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja ya umma ya pembejeo. Wakubwa mtakumbuka enzi hizo. Kampuni za serikali zinauzwa kama karanga, kila redio ni ubinafsishaji na soko huria. Ya kina baba nayo ikauzwa. Siku moja nikajikaza nikamuuliza kama yule mnunuzi amembakiza kazini.

Akasema, "Nipo."

Neno moja. Nikaamini, kwa sababu kila asubuhi alikuwa anapiga pasi shati lake, analichomekea vizuri, anapanda baiskeli na kuondoka. Jioni anarudi. Mfanyakazi anafananaje zaidi ya hapo?

Mazungumzo yetu ya siku nzima yalikuwa haya. Shikamoo baba. Marahaba. Umekula? Bado. Tule.

Tunakula ugali wa uwele na mlenda, kila mtu anaangalia upande wake. Nasikia upepo wa Singida unatingisha bati. Nikimaliza naosha vyombo, naingia chumbani kwangu, nalala. Kesho tena.

Nilizoea hivyo hadi nikadhani ndivyo maisha yalivyo.

Sasa, nyuma ya soko palikuwa na braza mmoja Mnyaturu anaitwa Alute. Alikuwa fundi redio. Akaenda Arusha, akakaa huko, akarudi na TV ya chogo na pleisteshen. Akaweka mabenchi kwenye kile chumba chake cha ufundi, akatundika pazia mlangoni, tayari likawa banda la gemu. Wakati ule kitu kile kilikuwa habari ya mji. Watoto walikuwa wanatoka shule mbio.

Mimi nilikuwa nakaa benchi la nyuma. Wenzangu wanacheza mpira, wanacheza ngumi, wanapiga kelele. Mimi natazama tu. Sikuwa na mshikaji wa kucheza naye. Mshikaji wangu wa damu, Joshua, alikuwa ameshaacha shule na kwenda Mererani kwenye machimbo ya tanzanite.

Kwa Alute kulikuwa na CD moja ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaitaka. Gemu ya vita, maandishi yote Kijapani. Uwanja umegawanywa viboksi, jeshi lako huku, la adui kule, mnacheza kwa zamu. Unamsogeza askari mmoja mmoja, unafikiria, unamaliza zamu yako, mwenzako naye anasogeza wa kwake. Madogo waliiona inaboa. Walisema ni gemu ya wazee.

Mimi ikanikamata. Hakuna anayekuharakisha. Unaweza kukaa nayo nusu saa umenyamaza, na hakuna mtu wa kukuuliza mbona umenyamaza.

Niwaeleze kidogo ili tuende sawa. Kila jeshi lina watu wa upanga, watu wa mishale, wapanda farasi na watu wa ngao. Halafu lina mwanamke mmoja amevaa gauni jeupe, ameshika fimbo. Huyo hana silaha. Kazi yake ni kumfuata aliyeumia, anamgusa na fimbo, mstari wa uhai wa yule mtu, awe wa jeshi lolote, unajaa tena.

Sisi tulimwita Nesi.

Nilivyokuwa nacheza na mashine, Nesi wa adui ndiye alinitoa roho. Unapigana na mpanda farasi wao zamu baada ya zamu, unamfikisha pabaya, unasema sasa huyu kwisha. Anakuja yule dada taratibu na gauni lake, anamgusa, jamaa anasimama kama ametoka kulala. Unaanza upya. Nilimchukia yule Nesi kuliko wenye panga wote.

Mwisho nikajifunza. Usihangaike na wengine. Penya huko nyuma, muue Nesi kwanza. Akishakufa huyo, waliobaki wanaisha wenyewe.

Nikawa mkali. Mashine nikaipiga mpaka ikanichosha.

Ndipo siku moja Alute akaniambia kuna mtu mwingine anaipenda ile CD. Anakuja asubuhi, wakati wanafunzi wako shule. Gemu yenyewe ilikuwa inaruhusu watu wawili, kila mtu na jeshi lake, na ukimaliza unahifadhi kwenye memori kadi. Kwa hiyo mnaweza kupambana bila kuonana. Yeye anacheza zamu yake asubuhi, mimi nacheza yangu nikitoka shule.

Nikamuuliza ni nani.

"Mtu mzima," Alute akasema. "Hataki madogo wajue anacheza gemu."

Nikaona freshi tu. Tukaanza.

Mwanzoni yule mtu alikuwa hajui. Anapeleka watu wake hovyo, nawapunguza. Lakini alikuwa na kitu kimoja kilichonishangaza. Nesi wake alikuwa anamlinda kupita kiasi. Amemzungushia watu wa ngao pande zote, hupati pa kupenya. Na huyo Nesi hakuwa anatibu kwa hesabu. Mimi wa kwangu namtumia kumtibu mwenye nguvu, ili arudi kupigana. Yeye wa kwake anamfuata aliyeumia zaidi ya wote, hata kama ni mtu wa mishale asiye na msaada tena.

Nikawa namfikiria huyo mtu. Niko darasani, mwalimu anafundisha mimea, mimi nawaza leo kasogeza nini. Najiuliza anafanya kazi gani, ana watoto, anakaa mtaa gani.

Msinicheke. Tangu mama afe, hapakuwa na mtu aliyekuwa anakaa chini kila siku akajiuliza Gasto amefanya nini jana. Sasa alikuwepo mmoja. Simjui hata sura, na ananiwinda kwenye TV, ila alikuwepo.

Basi ikafika habari ya Joshua. Alimpa ujumbe kondakta wa basi moja la Arusha, kondakta akanitafuta hadi akanipata. Joshua anasema njoo, kuna nafasi kwenye kikosi chetu, tunakula pamoja, tunalala pamoja, tunacheka.

Wakuu, habari ya mawe wala haikunigusa. Nilisikia hilo la kula pamoja na kucheka.

Nikaamua kwenda. Baba sikumwambia. Nilimwambia Alute peke yake, kwa sababu ndiye mtu niliyekuwa naongea naye. Nikamwambia pambano hili siwezi kuliacha katikati, ila likiisha tu nasepa zangu Mererani.

Alute akaacha alichokuwa anachomelea. Akaniuliza kama mzee wangu anajua.

Nikamwambia, "Mzee hata hataona tofauti."

Akarudi kwenye redio yake.

Kuanzia hapo mchezo wa yule mtu ulibadilika. Alikuwa ameshaiva, alikuwa ananibana vizuri tu, ghafla akaacha kushambulia. Nampiga, anarudi nyuma. Namfuata, anajizungushia ngao. Nikajua ameogopa. Nikapandwa na mori, nikampeleka mtu wangu wa upanga mbele peke yake kama mpuuzi, wakamzingira, na kila alipopiga akarudishiwa pigo hadi akabaki na ule uhai kidogo niliowaambia mwanzo. Nikahifadhi nikaenda nyumbani najua huyo ndiyo basi, na akishaanguka yeye upande wangu unafunguka, nimepoteza pambano zima.

Kesho yake ndiyo nakuta ametibiwa.

Nesi wa adui alikuwa ametoka kwenye ngao zake, amekatiza uwanja, amekuja kusimama ubavuni kwa mtu wangu. Amemtibu. Na sasa amesimama pale wazi, hana mlinzi hata mmoja.

Pigo moja tu. Kwa sheria yangu mwenyewe nilitakiwa nimmalize palepale.

Nikamuuliza Alute kama yule mtu alibonyeza vibaya. Akasema huyo mtu hakosei kitufe. Nikakaa na pedi ya gemu mkononi muda mrefu. Mwishowe nikasogeza farasi wangu upande mwingine kabisa, nikahifadhi, nikatoka. Nikajidanganya kwamba nataka kwanza nijue ana mpango gani.

Siku iliyofuata akamtibu mtu wangu wa mishale.

Halafu mwingine.

Hapo nikamaindi sasa. Mimi nataka kumaliza niondoke, mtu ananichezea akili. Nikamwambia Alute amwambie jamaa yake acheze kiume. Alute akanijibu nimwambie mwenyewe. Nikasema simjui. Akanitazama tu, akainamia kazi yake.

Nikaapa zamu yangu inayofuata Nesi anakufa. Nilikuwa nimeshafungasha nguo zangu chache kwenye begi la shule, na yule kondakta nimeshaongea naye. Ilibaki kumuua Nesi na kusafisha waliobaki.

Sasa sikilizeni.

Ile siku shuleni maji yalikatika. Mambo ya Singida hayo, maji yakigoma hakuna kupika wala vyoo. Wanafunzi wa kutwa tukaambiwa tuondoke, na jua bado la asubuhi. Wenzangu wakaenda makwao. Mimi kwangu kuna nini? Nikanyoosha kwa Alute. Na kusema kweli nilikuwa na hamu ya kumwona yule mtu. Huu ndio muda wake.

Nikafika, nikafungua pazia kidogo.

Ndani kimya. Alute yuko kwenye meza yake. Kwenye lile benchi fupi la watoto amekaa mtu mzima, magoti yamepanda juu, kashika pedi kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga. Shati limepigwa pasi, limechomekewa. Amenipa mgongo, uso kausogeza karibu na TV.

Kisogo nilikitambua kabla akili haijakubali.

Nilikuwa nakiona kisogo hicho kila asubuhi kikiondoka na baiskeli.

Nikabaki nimeshika pazia. Alute akaniona. Hakushtuka. Akaweka bisibisi chini, akamuuliza baba kwa sauti ya kawaida tu.

"Mzee, kwa nini unamtibu huyu? Ungeshamaliza kazi wiki iliyopita."

Baba hakugeuka, macho yake kwenye kioo.

"Huyu akifa, pambano linaisha," akasema. "Likiisha, mwanangu anaondoka."

Alute akamwambia si amwambie tu asiondoke.

"Nitamwambia nini?" baba akasema. "Hata hili la kazi sijamwambia."

Akabonyeza. Nikamwona Nesi anatembea boksi moja, la pili, anamwendea mpanda farasi wangu.

Nikaachia pazia.

Nilitembea hadi ziwani, Singidani kule kwenye mawe. Upepo ulikuwa unavuma, maji ya chumvi yametulia upande wa huku, ndege wamejaa upande wa kule. Nikakaa juu ya jiwe na begi langu. Sikulia. Nilikuwa na hasira kwanza. Alinidanganya na pasi yake na shati lake. Halafu hasira ikanitoka, ikaja picha moja ambayo haikutaka kuondoka. Baba kwenye benchi la watoto, magoti juu, anahangaika kujifunza vitufe.

Baadaye sana Alute alinisimulia ilivyoanza. Muda mfupi baada ya kampuni kuuzwa, na mzee kapunguzwa kazi, alikuwa anazunguka mjini asubuhi hadi jioni maana hakutaka kuonekana nyumbani. Siku moja mnyororo wa baiskeli ukakatika mbele ya banda, akaingia kuazima koleo. Alute akamkaribisha akae. Kesho yake akapita tena. Akawa anakuja, baiskeli anaificha uani. Akafundishwa ile gemu kama njia ya kumpotezea muda, tena hapakuwa na nia mbaya yoyote.

Pambano lilipoanza ndipo alipoona kiongozi wa jeshi langu nimemwandika jina. Gemu ilikuwa inakuruhusu kuandika. Nilikuwa nimeandika MARTINA.

Alute anasema mzee alilitazama lile jina, akauliza huyo kijana wa jioni anafananaje. Alipoelezwa, akaomba kitu kimoja tu, kwamba nisijue.

Turudi siku ile. Jioni nilikwenda nyumbani. Shikamoo baba. Marahaba. Umekula? Bado. Tule.

Nikawa naangalia mikono yake inavyokata tonge. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Hayakutoka. Wale mnaosema mimi ningeongea palepale, nawaheshimu, lakini hamjawahi kuishi kwenye nyumba iliyozoea kunyamaza. Mdomo unakuwa mzito kama mlango uliokaa miezi bila kufunguliwa.

Siku ya pili nikaenda kucheza zamu yangu. Nesi wa baba alikuwa wazi, yuko karibu na watu wangu wa upanga. Sikumgusa. Nikamchukua Nesi wangu mimi, ambaye siku zote nilikuwa namficha nyuma kabisa, nikaanza kumtembeza. Alichukua zamu kadhaa kufika, maana uwanja ni mkubwa. Siku alipofika, nikamsimamisha ubavuni kwa mtu wa ngao wa baba, aliyekuwa amebakiza pumzi za mwisho, nikamtibu.

Alute alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanishika bega kidogo, akaenda zake.

Kesho yake narudi kuona baba kajibu nini. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyetibiwa. Alichofanya ni kumsogeza Nesi wake, akamweka boksi la pembeni ya Nesi wangu. Wamesimama wawili katikati ya uwanja na magauni yao meupe.

Jioni ile nikamwamkia kama kawaida, akaitikia. Halafu badala ya kuuliza kama nimekula, akauliza shule ilikuwaje.

Lilikuwa swali jipya kabisa nyumbani kwetu. Nikasema nzuri. Akatingisha kichwa. Tukala.

Tuliendelea hivyo muda wote wa muhula. Hakuna mtu aliyekufa tena kwenye lile pambano. Leo namtibu wa kwake, kesho anamtibu wa kwangu, keshokutwa mmoja wetu anasogeza farasi hatua moja ili tu aonekane amecheza. Alute akawa analalamika kwamba tumemharibia gemu, vita gani hii haina hata mgonjwa. Kondakta alikuja kunitafuta tena, nikamwambia bado.

Nyumbani tulikuwa tumefikia maneno kama kumi kwa siku. Mengine yote tulikuwa tunasemea kwenye memori kadi.

Nilijua haiwezi kuwa hivyo milele. Nilikuwa naogopa tu kufikiria itaisha vipi.

Iliisha hivi. Siku moja umeme ulikatika mji mzima, uliporudi ukarudi na nguvu ya ajabu. Nafika kwa Alute baada ya shule nakuta amekaa nje, mikono kati ya magoti. Ndani kunanuka plastiki iliyoungua. TV imekwenda, pleisteshen imekwenda, memori kadi iliyokuwa imechomekwa ndani nayo imekwenda.

Nikauliza kama mzee alikuwepo.

"Alikuwa ameshika pedi," Alute akasema.

Akaniambia mzee alikaa pale kwenye benchi muda mrefu akitazama kioo cheusi, halafu akatoka anasukuma baiskeli. Hakuipanda.

Nilienda nyumbani mbiombio, sijui nilikuwa nawahi nini. Nikamkuta. Saa za kazi, yeye yuko nyumbani, amekaa kwenye kigoda nje ya mlango na shati lake la pasi. Hakujificha. Hakuwa na pa kujificha tena.

Nikamwamkia. Akaitikia. Nikakaa chini karibu yake. Upepo unapiga bati. Nikaona kabisa tunaelekea kunyamaza tena, na safari hii hakuna pa kukutania.

Nikasema, "Baba, kesho asubuhi utakwenda wapi?"

Akanitazama. Nadhani hakuwa amenitazama usoni tangu msibani.

"Sijui, Gasto," akasema.

Basi. Mlango ukafunguka.

Alinieleza siku waliyoitwa ofisini na kuambiwa waliobaki ni wachache na yeye hayumo. Alinieleza alivyokabidhi funguo za stoo kwa kijana asiyejua hata mbegu ya alizeti inahifadhiwaje. Akasema alinificha kwa sababu aliogopa nikijua hana kazi nitaacha shule nikatafute. Nikamweleza ya Joshua. Akasema anajua. Nikamweleza kwamba Mererani nilikuwa sifuati mawe, nilikuwa nafuata watu. Hapo akainamisha kichwa.

Halafu akaniuliza kwa nini siku ile nilimpeleka yule mtu wa upanga mbele peke yake, akili zangu zilikuwa wapi. Nikamwambia nilifikiri ameogopa. Akacheka. Baba yangu akacheka. Tukaanza kulichambua lile pambano tangu siku ya kwanza, nani alikosea wapi, hadi kuku wakaingia ndani wenyewe.

Kabla hatujainuka nikaona nitoe kila kitu. Nikamwambia kuna siku nilikuja banda la gemu asubuhi. Nilifungua pazia, nikamsikia anaongea na Alute.

"Najua," akasema.

Nikadhani anamaanisha Alute alimwambia.

"Ulipofungua pazia mwanga uliingia, ukaonekana kwenye kioo cha TV," akasema. "Begi, sare, wewe mzima. Nilikuona."

Nikakumbuka uso wake ulivyokuwa karibu na kile kioo.

"Yale maneno sikuwa namwambia Alute," baba akasema. "Nilikuwa nakuambia wewe. Nilishindwa tu kugeuka."

Wakuu, niishie hapo kwa yale ya jioni ile, maana hata sasa vidole vinakuwa vizito.

Mererani sikwenda. Baba alihamia Kinampanda akalima alizeti, mimi nikabaki mjini kumaliza shule, nikawa naenda likizo. Msidhani tuligeuka wasemaji. Hatukuwa watu wa maneno mengi hata baada ya hapo. Ila tulikuwa tunaulizana. Alifariki miaka michache iliyopita, kwa uzee na amani, na siku za mwisho alikuwa ananiuliza maswali hadi nachoka.

Mimi siku hizi niko Manyoni, kazi inanitosha, nyumba nakaa peke yangu. Jioni ni kimya.

Kama una mtu mnalala naye chini ya bati moja na mmebakiza salamu tu, usisubiri umeme uwalazimishe. Muulize leo kitu ambacho kweli hujui jibu lake. Hata kama ni kesho anakwenda wapi.

Nawaambia hivi kwa sababu vimya vyote viwili nimevikaa. Kimya cha mtu ambaye hayupo tena, nakimudu. Kile cha mtu aliyepo, amekaa hapo mbele yako anakata tonge, ndicho kilichokaribia kunipeleka nisikorudi.